Kabla Hamjatulaumu

14 Januari

Kaka yangu,

Sisi hapa ni wazima. Mama goti linamsumbua lakini mdomo uko imara, na amesema nikusalimie kabla sijaanza kukusumbua, basi umesalimiwa. Baba watoto bado yuko na baiskeli zake. Juzi mteja alimrudishia ileile aliyoitengeneza mara nne, akamwambia, "Fundi, safari hii itengeneze kweli." Mpaka leo hajacheka. Wifi msalimie sana, mwambie gauni lake liko tayari, ila kiuno nimekiachia nafasi kidogo kwa heshima.

Najua utajiuliza kwa nini sikupiga simu. Nimeandika makusudi. Kwenye simu wewe unakuwa mwalimu mkuu na mimi nakuwa mtoto wa darasa la tatu, na ukizidiwa unasema mtandao unasumbua. Karatasi haina mtandao.

Jambo lenyewe ni binti yangu, Bi Mkubwa. Mara ya mwisho ulipomwona mpwa wako ni kwenye msiba wa baba, alipopanga viatu vya waombolezaji wote mlangoni kuanzia kidogo hadi kikubwa, kisha akalia kwa sauti kila mtu alipochukua vyake. Sasa ana miaka minane na bado hataki kitu kisogezwe. Yule muuguzi wa kliniki aliyetuambia ni usonji alituambia pia kwamba kusoma kutamwia vigumu, na kweli, herufi zinamchanganya. Neno alilolisoma asubuhi, mchana halijui. Lakini saa anaisoma kuliko baba yake.

Darasani anakaa vizuri mpaka kengele igongwe. Kengele yao ni rimu ya lori iliyoning'inizwa, na ikigongwa ghafla yeye huziba masikio, hupiga kelele na kukimbia nje. Kosa lake ni hilo tu. Jumatatu Mwalimu Mkuu wao, ambaye watoto wanamwita Mzee wa Funguo kwa sababu anatembea na rundo la funguo kama mlinzi wa ghala, alinikabidhi bahasha. Nakunakilia neno kwa neno:

"Mzazi mpendwa. Baada ya kutafakari kwa kina, na kwa kuzingatia manufaa ya mtoto mwenyewe, uongozi wa shule umeona ni vyema mwanao apumzike nyumbani hadi atakapokuwa tayari kwa mazingira ya darasa. Asiporejea akiwa tayari kabla ya mwisho wa Machi, nafasi yake itapewa mwingine. Tunabaki na imani kwamba mtatuelewa kabla hamjatulaumu."

Umeona mstari wa mwisho? Nilishtuka. Nilidhani ni baba peke yake aliyekuwa akifunga barua hivyo. Kumbe makarani wote wa zamani walisoma darasa moja.

Kaka, wewe ni mwalimu mkuu. Niambie cha kusema. Siombi huruma, nataka mtoto abaki shule na apewe msaada anaostahili. Jibu upesi.

Mdogo wako


20 Februari

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Wifi yako amefurahi kuhusu gauni, na ile habari ya kiuno nimeificha. Hapa tuna pilikapilika za mitihani, paa la madarasa mawili limeezuliwa na upepo, na mwalimu wetu wa hesabu amehama, kwa hiyo naingia darasani mwenyewe. Mama asikae na goti lile bila kumwona daktari. Mwambie nimesema mimi.

Samahani kwa kuchelewa. Barua yako ilifika, lakini ile sehemu uliyonakili sikuisoma vizuri kwa sababu ya mwandiko.

Kuhusu Bi Mkubwa, ushauri wangu ni subira. Uongozi wa shule ni mzigo, dada, na mtu wa nje hauoni. Walimu ni wachache, madarasa yamejaa. Ugomvi na mwalimu mkuu haujawahi kumsaidia mzazi. Huenda akipumzika mwaka mmoja, akakua kidogo, mambo yatakuwa mepesi kwake. Mfundishe cherehani. Ana mikono mizuri.

Nitakuandikia tena mambo yakitulia.

Kaka yako


27 Februari

Kaka,

Sisi wazima, goti lilelile. Mama nimemwambia umesema amwone daktari, akauliza kama na wewe siku hizi ni daktari.

Mwandiko? Mimi? Baba alikuwa akinipa mimi barua za wateja wake ninakili, na wewe alikupa kazi ya kulamba stempu. Barua yangu uliisoma. Kama hutaki kunijibu sema hutaki, lakini mwandiko wangu uuache.

Subira pia nimeisikia. Sasa sikiliza nilichofanya badala yake. Tangu ile Jumatatu mtoto hajakosa shule hata siku moja. Nampeleka mwenyewe, na mgongoni nabeba cherehani yangu ya mkono. Nimeiweka barazani, nje ya dirisha la darasa la pili, na hapo ndipo ninapofanyia kazi zangu zote. Siku ya kwanza Mzee wa Funguo alikuja mbio, funguo zinalia.

"Mama, hapa ni shule, si karakana."

"Ndiyo maana nimemleta mtoto," nikamwambia.

"Barua yangu uliisoma?"

"Niliisoma. Inasema nitakuelewa. Bado naendelea kujaribu."

Alitaka kunifukuza, lakini wakati huohuo mtoto mmoja akaja na kaptura iliyochanika nikaishona, akaja wa pili na kifungo mkononi, na sasa hata walimu wananiletea marinda ya kupunguza. Ni vigumu kumfukuza mtu aliyeshika suruali yako.

Na si kukaa tu. Mwalimu wa darasa la pili ni binti mdogo, huu mwaka wake wa kwanza kazini, na ndiye pekee aliyeniuliza nyumbani tunafanyaje. Nikamwonyesha. Nyumbani tuna kitambaa cha mifuko. Nimeshona mifuko saba kwenye kipande cha turubai, kila mmoja na picha: uji, kuoga, kusoma, kucheza. Jambo likiisha, Bi Mkubwa anageuza picha mwenyewe. Tumeshona kingine cha darasani, na mfuko kabla ya kila kengele una picha ya rimu. Mwalimu anamgusa bega, anamwonyesha picha, mtoto anaziba masikio yake kwa wakati wake na kengele inapita. Wiki hii amekimbia mara moja tu, na siku hiyo waligonga mapema. Alikuwa anakimbilia ofisini kuwaonyesha saa.

Nilichotaka kusema ni hiki. Mimi ni fundi. Mtu akiniletea nguo ya kurekebisha, nikiigeuza upande wa ndani najua imeshonwa na nani hapa mtaani, maana kila fundi ana mkono wake. Ile barua ya shule nimeigeuza nje ndani siku nyingi sasa. "Baada ya kutafakari kwa kina." "Kwa kuzingatia manufaa ya mtoto mwenyewe." Mzee wa Funguo hawezi kuandika hivyo, tangazo lake la mkutano wa wazazi lilikuwa na makosa matano. Na ule mstari wa baba. Wewe umeniandikia kurasa mbili, paa umelitaja, mwalimu wa hesabu umemtaja, mstari wa baba hukuutaja. Wewe ambaye ukiona hata kofia inayofanana na ya baba unapiga simu.

Niambie hujui umetoka wapi. Nitakuamini.

Mdogo wako


6 Machi

Dada,

Ni mimi.

Miaka minne iliyopita tulikuwa na semina ya walimu wakuu, siku tatu. Siku ya pili mmoja aliuliza, mtu anamwandikiaje mzazi wa mtoto ambaye shule haimwezi, bila kuleta kelele? Wote wakanigeukia, maana wanajua mimi ni mtoto wa karani wa mahakama. Niliandika kabla ya chai kwisha. Nilipoisoma mbele yao walipiga makofi. Ikachapwa, kila mmoja akaondoka na nakala. Nilijiona mtu, dada. Nilimpigia baba nikamwambia mstari wake sasa unatumika shule arobaini. Alifurahi. Hakuuliza unatumika kufanya nini, na mimi sikumwambia.

Wa kwanza kuipokea alikuwa fundi seremala anayeishi karibu na kwangu. Mwanawe alikuwa na miaka minane.

Barua yako ya kwanza niliisoma nikiwa nimesimama. Mwandiko ulikuwa safi kabisa.

Sasa chukua haya. Upo waraka wa elimu unaohusu watoto kama Bi Mkubwa. Unasema mtoto haondolewi shuleni mpaka apelekwe kituo cha tathmini, shule ieleze kwa maandishi imejaribu nini, na afisa wa elimu maalumu atie saini. Likikosekana moja katika hayo, barua ni karatasi tu. Waraka ulikuwa mezani kwangu siku ile. Niliuruka makusudi, kwa sababu ukiutaja mzazi ataufuata. Nakuambatishia nakala.

Muulize hayo matatu. Hana jibu, najua hana.

Ninakuomba jambo moja: usinitaje. Mwaka huu nimependekezwa kuwa mkaguzi wa shule. Naomba uelewe.

Kaka yako


15 Machi

Kaka,

Tu wazima. Mama ameuliza umeandika nini, nikamwambia unamsalimia. Ni uongo wa kwanza kumwambia mwaka huu na sijaupenda.

Nimekasirika hivi kwamba juzi nimeshona mkono wa kushoto upande wa kulia. Baba aliandika mstari ule miaka thelathini, na kila mara aliuandika kwa niaba ya mtu asiye na sauti kwenda kwa mtu mwenye kiti. Aliyekuwa akiomba aeleweke ni mnyonge. Wewe umeuchukua ukampa mwenye kiti amfungie mtoto mlango. Mpwa wako, kaka. Na kabla yake wangapi? Shule arobaini kwa miaka minne, hebu piga hesabu, si unafundisha hesabu siku hizi?

Nilikwenda ofisini na waraka. Nikauliza la kwanza, la pili, la tatu. Mzee wa Funguo aliusoma waraka mpaka mwisho, akatoa kitambaa akajifuta paji la uso.

"Nani anakufundisha haya?" akauliza.

Jibu lilikuwa mdomoni. Nikalimeza, kwa sababu uliniomba.

"Mama, barua ile siyo yangu," akasema. "Ni barua ya kielelezo. Imeandikwa na wataalamu wanaojua sheria, na sote tunaitumia. Wewe unaniletea karatasi moja, mimi nimfuate nani?"

Nilimtazama vizuri. Hakuwa ananidanganya. Yule mzee anaamini kabisa kwamba barua yako ndiyo sheria. Mwishowe akasema kamati ya shule itakaa tarehe 29 Machi, niende na ushahidi wowote nilio nao, na uamuzi wao ndio wa mwisho.

Ushahidi nilio nao ni wewe. Waraka atasema nimeuelewa vibaya, mimi ni fundi wa nguo tu. Lakini aliyeandika barua akisema alikosea, atapinga na nini? Andika. Weka saini na cheo chako. Sikuombi unipitishie msaada mlango wa nyuma halafu mbele ya watu tuwe hatujuani. Ukaguzi wa shule unautaka ukakague nini, kama mtoto wa dada yako unamkagua kwa kujificha?

Nimekuelewa, usihofu. Nimekuelewa tangu mstari wa kwanza.

Na mtoto wa seremala yuko wapi sasa? Swali hilo hukulijibu kwa sababu sikuuliza. Nauliza.

Mdogo wako


24 Machi

Kaka,

Leo nimekwenda posta mara ya tatu. Yule dada wa dirishani sasa ananitikisia kichwa kabla sijafika.

Zimebaki siku tano. Bi Mkubwa ameweka mfuko mpya kwenye kitambaa chake na hakuna picha ndani. Nimemuuliza ni wa nini, amesema, "Baada ya Machi." Sikumwambia mimi habari hizo. Huwa anasikia tunapodhani hasikii.

Ukija au usipokuja, mimi nitakuwepo. Na cherehani nitaingia nayo.


2 Aprili

Kaka,

Mama anakusalimia, safari hii kweli. Goti limepata nafuu, au limesahauliwa kwa furaha, mimi sijui.

Niliingia kwenye kamati na baba watoto, amevaa shati la harusi yetu, na binti mwalimu alikuja bila kuitwa. Wajumbe saba. Mzee wa Funguo akaanza kusoma barua ile kwa sauti kubwa, na alipofika mstari wa baba nilikaza meno. Hajamaliza kukaa, mlango ukafunguliwa akaingia mama mmoja mwembamba na jalada kwapani. Afisa wa elimu maalumu. Hakuna aliyemwalika.

Akasema, "Nimepokea barua kutoka kwa mwalimu mkuu wa shule nyingine. Nakala imekwenda kwa walimu wakuu wote. Naomba niisome."

Sikujua, kaka. Nilikuwa nimeshika mkono wa baba watoto nikamminya mpaka akaguna. Afisa akasoma: "Barua ya kielelezo mnayoitumia kuwaondoa watoto shuleni niliiandika mimi. Inakwenda kinyume na waraka, na nililijua hilo nilipoiandika. Ichaneni." Halafu saini, cheo na muhuri. Hukufunga na mstari wa baba. Nililisikia hilo.

Mzee wa Funguo akavua rundo lake akaliweka mezani. Kisha akamuuliza binti mwalimu shule imejaribu nini. Binti akasimama, akakining'iniza kitambaa cha mifuko ubaoni na kueleza mfuko mmoja mmoja. Sauti ilimtetemeka mpaka mfuko wa tatu, baada ya hapo hakuna aliyeweza kumnyamazisha.

Bi Mkubwa anabaki. Tathmini ni tarehe 20, na afisa amesema baada yake atakuwa na mpango wake mwenyewe wa kusoma na muda zaidi kwenye mitihani. Kengele haigongwi tena ila kwa saa, maana wamechoka kusahihishwa. Mwalimu msaidizi wamesema "ataangaliwa." Nimewaambia waangalie taratibu tu, mimi nina kazi nyingi pale barazani na cherehani haiondoki mpaka nimwone huyo msaidizi kwa macho. Mjumbe mmoja akasema huu ni ukaidi. Nikamwambia ndiyo.

Mama ameisoma nakala ya barua yako mara mbili. Akasema, "Amechelewa, lakini ni mwanangu." Mimi sijafika alipofika mama. Uliniacha nikaenda posta mara tatu, na mstari mmoja tu ungenitosha. Lakini uliandika, na najua umeandika ukijua itakugharimu nini. Nashukuru. Hasira bado ipo, shukrani imekaa pembeni yake.

Lile swali la seremala bado linasubiri.

Mdogo wako


11 Aprili

Dada yangu,

Huku tu wazima. Wifi yako amelivaa gauni na kiuno kimemwenea kabisa, kwa hiyo ulikuwa sahihi na mimi nimekatazwa kulisema.

Ukaguzi wa shule umekufa. Nimeitwa ofisi ya elimu Ijumaa nikajieleze, na wenzangu wawili wa semina ile wamenipigia simu kunitukana. Wa tatu alipiga kuuliza aanzie wapi kuwatafuta watoto aliowaondoa. Sikukuandikia Machi kwa sababu niliandika barua ile mara sita na kila mara niliishia kujitetea. Ya saba niliipeleka mwenyewe mpaka ofisini kwa afisa, na sikukuambia kabla nikiogopa nisije nikageuka njiani. Ndiyo sababu. Si nzuri, lakini ndiyo.

Jumamosi nilikwenda kwa seremala. Ni mitaa mitatu kutoka kwangu, na kwa miaka minne nimekuwa nikizunguka njia ya sokoni nisipite mlangoni kwake. Alikuwa anapiga randa ubao wa mlango. Aliniona, akaendelea. Nikasimama kwenye maranda nusu saa. Mwanawe alikuwa ndani, ana miaka kumi na miwili, anapanga misumari kwa urefu kwenye makopo. Tangu siku ile hajakanyaga darasa lolote.

Nilikuwa nimejiandaa vizuri, unanijua. Nikaanza kusema. Akanyanyua mkono nikanyamaza. Akaingia ndani, akatoka na bahasha yangu. Ameitunza, dada. Imekunjwa mara nne, pembe zimechakaa.

Akasema, "Mwalimu, uliniandikia kwamba nitakuelewa kabla sijakulaumu. Miaka minne nimekuwa nikijitahidi nielewe. Leo umekuja mwenyewe, nimekuelewa. Sasa nakulaumu."

Na akanilaumu. Sikuwahi kusemwa vile, hata na baba, hata na wewe. Nilisimama nikasikiliza mpaka mwisho, kwa sababu hiyo ndiyo sehemu ambayo barua yangu ilimnyang'anya. Alipomaliza akachukua randa lake akarudi kwenye mlango. Nilipofika barabarani akaniita, akauliza, "Jumatatu saa ngapi?"

Jumatatu alimleta. Mtoto alisimama getini robo saa na hakuingia, nikasimama naye. Jumanne aliingia akafika mpaka kwenye ngazi. Jana alikaa darasani mpaka mapumziko. Kengele yetu pia ni rimu, nayo anaiogopa, kwa hiyo sasa naigonga mwenyewe na kabla ya kugonga naenda kumwambia. Walimu wangu wananiangalia kama mtu aliyepungukiwa. Acha waniangalie.

Nina ombi. Mshonee kitambaa cha mifuko. Mifuko minane, na wa kwanza uwe na picha ya geti, maana kwake geti ni somo zima. Turubai liwe gumu, ana nguvu mikononi. Nimepima ukuta pembeni ya dawati lake: upana ni urefu wa mkono wangu na shubiri moja.

Kaka yako,
aliyeandika ile barua